Hiyo nusu mnayotusamehe

Watoto wa Korogwe na Bagamoyo walichomwa sindano za majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Sayansi ya dunia inaujua mkono wetu. Lakini mtafiti wa Tanga akitaka kutoa makala yake ya mbu wa Muheza kwenye jarida huria, lile ambalo msomaji hasomi kwa malipo bali mwandishi hulipa ada, anakutana na ankara ya dola 2,500, zaidi ya shilingi milioni 6, kisha anatakiwa ashukuru kwa punguzo.

Punguzo lenyewe ndilo linalonikera. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituvusha hadi kipato cha kati cha chini. Tukapongezana! Kwa wachapishaji wanaofuata orodha hiyo ya vipato, msamaha wa ada wa asilimia 100 ukawa 50. Mshahara wa mtafiti haukuvuka na nchi. Wanaofuata makundi ya Research4Life, mpango wa kuzipa nchi maskini majarida bure au kwa bei nafuu, bado wanatuweka kundi A, ada sifuri. Makala ileile, mwandishi yuleyule: huku bure, kule milioni 3. Haki gani hii inayotegemea orodha aliyoichagua muuzaji?

Na msamaha una mitego. Uombe unapowasilisha muswada. Wachapishaji wengi hawasikilizi maombi baada ya makala kukubaliwa. Mfumo hutazama anwani ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida: ukimweka mwenzako wa Ulaya kwa heshima, umeshaukosa. Wengine wanataka waandishi wote watoke nchi zinazostahili. Majarida ya mseto, yenye makala huria na za kulipia pamoja, mara nyingi hayasamehi kabisa. Huko chagua njia ya zamani, ya wasomaji kulipia, kisha weka muswada uliokubaliwa kwenye hazina ya machapisho ya chuo mtandaoni, muda ambao jarida linazuia kuiweka wazi ukiisha, kwa kawaida miezi 6 hadi 12. Weka faili yako ya mwisho baada ya uhakiki. Ile PDF yenye nembo ya jarida ndiyo wanayokuandikia uiondoe.

Haya, uhariri na tovuti vina gharama, nakubali. Wahakiki, wanasayansi wenzetu wanaokagua makala, je, nani anawalipa? Na hiyo njia ya zamani si malaika: mwandishi halipi, ila muuguzi ambaye kituo chake hakijasajiliwa Hinari, tawi la afya la Research4Life, anaishia kusoma muhtasari.

Ukilazimika kulipa hiyo nusu, iambie benki makato yote ya njiani yawe juu yako. La sivyo pesa inafika pungufu, ankara inabaki wazi, na makala iliyopita kwa wahakiki wote inakwama kwa sababu ya dola chache.