Cha shule au cha kusoma tu?

Kijana wa dukani hakuwa na nia mbaya. Nilisimama mbele ya kaunta yake Kariakoo, kwenye mtaa ule ambao maduka ya daftari, rula na soksi nyeupe za shule yamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, nikamwomba anionyeshe vitabu vipya vya Kiswahili. Akanitazama, akauliza: "Cha shule, dada, au cha kusoma tu?"

Nikamwambia cha kusoma tu. Akavuta ngazi, akapekua rafu ya juu kabisa, ile inayokaribia dari, akashuka na vitabu vitatu pamoja na vumbi lake. Vyote vitatu vilikuwa vya shule.

Sikumlaumu. Yeye anauza kinachoulizwa, na kinachoulizwa ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya mahitaji anayokuja nayo mzazi kila Januari. Ila lile neno "tu" niliondoka nalo. Kusoma tu. Kama unavyosema mtu amekaa tu, au yupo yupo tu.

Wapenda vitabu wakikutana hapa kwetu, dakika kumi haziishi kabla mmoja wao hajasema kwamba Watanzania hawasomi. Mimi hilo silikubali, maana wanaosoma nawaona, na mmoja wao nitamtaja mbele. Ugomvi wangu ni na vitabu vyenyewe, hasa hivi vipya. Vipo, na vingine vimechapwa vizuri hadi raha kuvishika. Lakini karibu vyote vimepitishwa mlango mmoja, wa darasani, na mlango huo ni mfupi. Kila anayepita lazima ainame.

Tuanze na vya watoto. Binti yangu ana miaka sita. Mwezi uliopita nilimletea vitabu vinne vya picha kwa mpigo, nikijiona mama wa mfano. Cha kwanza, mtoto hanawi mikono, anaumwa tumbo. Cha pili, mtoto hamsikilizi bibi yake, anaanguka kutoka kwenye mwembe. Cha tatu, sungura ni mvivu, mvua inamkuta hana nyumba. Cha nne nitakisema baadaye. Karatasi nene, michoro ya kupendeza, rangi hazijavujiana kama zile za vitabu vya utoto wangu. Na nyuma, ukurasa wa mwisho, kisanduku kimeandikwa "Maswali". Swali la kwanza linataka jina la mhusika mkuu. La mwisho ni lile lile kwenye vyote: hadithi hii imekufundisha nini?

Kufika kitabu cha tatu mtoto alishaujua mchezo. Sungura ndiyo kwanza anajinyoosha kivulini, mwenzangu akasema bila hata kungoja picha inayofuata: "Huyu atanyeshewa." Akanyeshewa kweli. Binti akageukia ukutani, akalala.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali nzuri, lakini jamani, hilo guu limevunjika mara ngapi? Kuna kizazi kizima cha watoto wa vitabuni kinachechemea.

Na ajabu ni kwamba sisi hatukuanza hivyo. Bibi yangu kule Tanga alipotaka kutusimulia alisema "Hadithi! Hadithi!", nasi tukaitikia kwa sauti moja: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Hebu sikiliza kilichoitwa pale. Uongo umetajwa kwa jina lake, ukaombwa uje. Utamu umeombwa ukolee. Mafunzo hakuna aliyeyaita. Kama yalikuja, yalikuja yenyewe, yakakaa nyuma karibu na mlango.

Mchukue Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani yake, anasema imezaa. Jirani anapokea kwa furaha, hana swali. Siku nyingine anaazima tena, safari hii hairudishi. Akiulizwa anasema, pole, sufuria yako imefariki. Jirani anakuja juu: sufuria inakufaje? Naye anamjibu kwamba kinachozaa hufa. Hadithi imeisha hapo. Tapeli hakuadhibiwa, sufuria haikurudi, na hakuna kisanduku cha maswali. Mtoto anabaki anacheka, na kesho yake akiwa anaoga ghafla anagundua kwamba jirani alijiponza mwenyewe siku ile alipokubali kwamba chuma kinazaa. Amefundishwa? Amefundishwa sana. Ila amejifundisha mwenyewe, ndiyo maana miaka arobaini baadaye bado nakumbuka.

Siwasemi waandishi wetu kwamba hawana vipaji. Najua wanavyobanwa. Mchapishaji anayetaka kuuza nakala za kutosha kurudisha gharama ya kiwanda anahitaji kitabu kikubalike shuleni, na ili kikubalike kinahitaji ithibati, na anayekipitia kwa ajili ya ithibati anataka kuona kinamsaidia mwalimu. Kenya ni hivyo hivyo: kule kuna orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na taasisi ya mitaala, KICD, na juu yake wamebeba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye vitabu tangu sheria ya mwaka 2013. Katika mazingira hayo, nani atatia pesa kwenye kitabu cha sungura mvivu anayelala mpaka jioni na asipatwe na lolote?

Afueni niliyoipata ni ya simu. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, umeweka mtandaoni hadithi nyingi za picha katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na unazisoma au kuzichapa bila kulipa. Ubora unapanda na kushuka, tafsiri nyingine zina harufu ya haraka. Lakini mle ndani nimekutana na visa ambavyo havinyooshei mtoto kidole.

Sasa njoo kwa mtoto wa kaka yangu. Yuko kidato cha tatu na anakaa kwangu. Jioni moja nilimkuta anakariri kwa sauti "kutofaulu kwa mwandishi" wa riwaya waliyopangiwa shuleni. Dhamira anazo, wahusika anao, mandhari, ujumbe, falsafa, vyote kwa namba. Nikamuuliza riwaya yenyewe ameionaje. Akanionyesha kijitabu cha uhakiki. "Shangazi, riwaya sina. Hii ndiyo inatoka kwenye mtihani." Mtoto amemkosoa mwandishi ambaye hajawahi kumsoma ukurasa mmoja! Tukimwita mtoto huyu asiyependa kusoma tutakuwa tunamsingizia, kwa sababu usiku huo huo, saa tano, niliona mwanga ndani ya neti yake. Yuko kwenye simu ya mama yake ya zamani, kwenye kundi la WhatsApp, anasoma sehemu ya 47 ya hadithi ya binti aliyeolewa na jini bila kujua.

Nikamnyang'anya simu, nikaenda kuisoma mwenyewe hadi saa saba.

Nikiri kwamba ile hadithi ilikuwa na kila kosa. "Hisia" imeandikwa "isia", "aliondoka" imekuwa "halihondoka", na jina la mume lilibadilika katikati bila maelezo. Lakini mwandishi wake anajua kazi. Kila sehemu inakatika pale ambapo mkono umeshika kitasa cha mlango. Chini yake: itaendelea kesho saa mbili usiku, anayetaka yote atume elfu moja, atarushiwa. Na watu wanatuma. Kwenye makundi hayo utakuta mapenzi, ujasusi, uchawi, visa vya gerezani, vya wafanyakazi wa ndani Uarabuni, kila aina ya hadithi ambayo duka la Kariakoo halina. Wasomaji wake ni wauza duka, walinzi wa usiku, wasusi. Hao ndio niliosema nawaona.

Wala si jambo geni. Mwaka 1960 Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale*, akatuletea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa *Simu ya Kifo*. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba kwenye *Kufa na Kupona*. Baba yangu, fundi wa reli, alivificha vya namna hiyo chini ya godoro, na sisi tulijua vilipo. Havikuwa na maswali nyuma. Miaka ya tisini magazeti ya udaku yakaichukua kazi hiyo, hadithi ikikatwa vipande wiki kwa wiki, na leo ni WhatsApp. Vyuoni wanaiita fasihi pendwa, na wakiitaja midomo inabana kidogo, kana kwamba ile nyingine ni fasihi isiyopendwa.

Kwa hiyo wachapishaji wakiniambia msomaji wa Kiswahili hana hela ya burudani, nawauliza ile elfu moja moja inakwenda wapi. Mwandishi wa yule jini anachokosa ni mhariri. Mtu wa kumwambia jina la mume ni moja, na kwamba sehemu ya 12 hadi ya 30 hakuna kilichotokea. Kumpata haihitaji semina ya hotelini. Ingia kwenye kundi, lipa elfu yako, soma.

Tuzo zimesaidia, lazima niseme. Ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal-Cornell, imeibua waandishi wa riwaya na ushairi ambao wengi wetu tusingewajua. Serikali nayo ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu, na wa juu kabisa akaondoka na shilingi milioni 10. Fedha hizo si haba kwa mtu aliyekuwa akiandika usiku baada ya kazi. Serikali inagharamia pia uchapaji wa vitabu vya washindi na kuvipeleka mashuleni. Hapo ndipo ninapokuna kichwa. Mlango ni ule ule. Fundi cherehani wa Mbagala aliyesikia redioni kwamba riwaya fulani imeshinda, akitaka kuisoma, arudi kidato cha kwanza?

Kwa watu wazima, kitabu kipya kilichonishika kuliko vyote miaka hii kina umri wa kutosha kuwa na watoto. Abdulrazak Gurnah aliandika *Paradise* mwaka 1994. Akapata Nobel mwaka 2021. Mwaka 2022 ndipo Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakatutolea *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hesabu miaka: 28. Kisa cha kijana anayetolewa na wazazi wake kwa mfanyabiashara kwa ajili ya deni, safari za misafara ya bara, pwani yetu kabla Wajerumani hawajaikamata sawasawa. Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza chuoni. Kwa Kiswahili nilisikia watu wanaongea. Matani, viapo, namna mtu mzima anavyomkata mtoto kauli kwa heshima. Mambo ambayo Kiingereza kiliyabeba kwa taabu yakawa yanatembea kwa miguu yake. Tena hakimfundishi mtu kitu, na mwisho wake unakuacha umesimama njiani hujui umlaumu nani.

Nilikinunua kwenye duka la vitabu la TPH pale Samora, moja ya sehemu chache mjini ambako ukisema "cha kusoma tu" huulizwi mara mbili. Ukitoka hapo, wauza vitabu vya mtumba wa pembeni mwa barabara wametandaza vyao chini: vya Kiingereza vinene, vya namna ya kuwa tajiri, Biblia zilizochakaa. Kiswahili ukikibahatisha, shukuru.

Mama yangu yeye hasomi riwaya, anasema mambo ya kutunga alishayamaliza. Nilimpelekea *Mzee Rukhsa*, kumbukumbu za Rais Ali Hassan Mwinyi zilizozinduliwa Mei 2021, na zimeandikwa kwa Kiswahili, tofauti na zile za Mkapa zilizotoka kwa Kiingereza mwaka 2019. Alikisoma mwezi mzima huko Tanga, miwani kwenye ncha ya pua, akibishana nacho. Ananipigia simu: "Hapa kwenye sabuni na sukari hakusema yote, mimi nilikuwa kwenye foleni." Kesho yake tena. Sijawahi kuongea na mama yangu juu ya kitabu maishani mwangu kabla ya hapo.

Kile cha nne cha binti yangu ni kijitabu cha kurasa kumi na sita. Kuku amepakiwa kwenye daladala chini ya siti, miguu imefungwa, anapelekwa sokoni. Kamba inalegea. Kuku anapanda kwenye siti ya dirishani na anakataa kushuka. Konda anabembeleza, abiria wanagawanyika, mmoja anataka kuku apewe kituo chake. Nimekisoma sijui mara ngapi, sauti ya konda naitoa kwa koo hadi jirani anasikia. Juzi kwa mazoea nikapitiliza mpaka kwenye kisanduku cha nyuma, maana nacho kinacho, nikasoma: hadithi hii imekufundisha nini?

Akafikiri, kidole mdomoni.

"Kuku hana nauli," akasema. "Mama, soma tena."