X Games: Televisheni, Umaarufu na Mzigo wa Hatari

Mashindano ya X Games, ya michezo ya hatari kama skeitibodi (ubao wenye magurudumu) na baiskeli za BMX, hayakuzaliwa na shirikisho la michezo wala na wachezaji wenyewe. Yalianzishwa na kituo cha televisheni cha Marekani, ESPN, kilichotaka kuwavuta watazamaji vijana. Yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1995, hasa katika jimbo la Rhode Island, yakiitwa Extreme Games, na mwaka uliofuata yakapewa jina la sasa. Asili hiyo ndiyo kiini cha ubishi: je, televisheni iliikuza michezo hii ya hatari, au iliigeuza kuwa bidhaa yake?

Wanaoyatetea mashindano haya wana hoja nzito. Wachezaji wa skeitibodi na wa baiskeli za BMX walikuwa na mashindano yao tangu zamani, lakini X Games iliwapa jukwaa la kila mwaka mbele ya mamilioni ya watu, na mwaka 1997 yakaongezwa mashindano ya majira ya baridi. Baadhi ya michezo iliyopata umaarufu humo ilifika hadi Olimpiki, kama skeitibodi, iliyoingia katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

Hata hivyo, aliyetoa jukwaa ndiye pia aliyeamua nani apande. Kujirusha kutoka juu ukiwa umefungwa kamba ya mpira (bungee) na kuteleza angani kwa ubao baada ya kutoka kwenye ndege vilikuwemo mwanzoni, kisha vikaondolewa. Mchezaji aliyetumia miaka mingi kujifunza fani yake angeweza kuipoteza nafasi yake bila ya kushindwa na mtu yeyote.

Tukio linalotajwa zaidi ni la tarehe 27 Juni 1999, mjini San Francisco, Tony Hawk alipokuwa mtu wa kwanza kukamilisha mizunguko miwili na nusu hewani katika mashindano ya skeitibodi. Muda rasmi ulikuwa umekwisha na alikuwa ameanguka mara nyingi, lakini aliachwa aendelee kujaribu huku wapinzani wake wakimshangilia. Mkosoaji ataona hapo kanuni iliyolegezwa kwa ajili ya kamera. Mimi naona zaidi furaha ya wachezaji kwa mafanikio ya mwenzao, jambo ambalo televisheni iliweza kulionyesha lakini haikuweza kulibuni, ingawa nakiri kwamba saa ile ile ndiyo iliyofundisha waandaaji na watazamaji kungojea kila mwaka kitu kikubwa zaidi.

Na kikubwa zaidi kilikuja. Mwaka 2006 Travis Pastrana alipinduka kinyumenyume mara mbili hewani akiwa juu ya pikipiki, na akatua salama. Januari 2013, huko Aspen, Caleb Moore, aliyekuwa na umri wa miaka 25, alianguka na pikipiki yake ya theluji na kufariki siku chache baadaye, kikiwa kifo cha kwanza katika historia ya mashindano haya. Waandaaji walifuta shindano la mbinu bora la pikipiki za theluji, ambamo mchezaji hupimwa kwa mruko mmoja mgumu, lakini lile la mtindo huru, la mfululizo wa miruko, ambalo Moore alikuwa akishiriki, liliendelea, na mwaka 2014 nduguye Colten alilishinda.

Ushindi huo hutolewa kama ushahidi kwamba wachezaji huichagua hatari kwa hiari yao. Naikubali hoja hiyo kwa sehemu tu, na sitaki kumnyang'anya Colten uamuzi wake. Lakini hiari ya mchezaji haimwondolei mwandaaji wajibu, kwa sababu mwandaaji ndiye anayepanga ukubwa wa miinuko ya kurukia na ndiye anayeuza haki za matangazo. Mwili unaoanguka ni wa mchezaji peke yake. Kwa hiyo, pamoja na kuiheshimu historia ya X Games, naona wachezaji wanastahili bima kamili ya matibabu na sauti yenye uzito katika kupanga viwanja wanavyorukia.