Elfu tano inaingia lini?
Makala yako yanasema eti wahudumu wa afya ya jamii hapa Kenya ndio uti wa mgongo wa matibabu mashinani, sawa mwandishi, lakini uliwauliza wanalipwa lini? Mamangu ni mmoja wao. Tangu 2023 wako na ile begi, mashine ya presha, ya sukari, mizani, na simu ya ripoti, na wakaahidiwa shilingi elfu tano kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Stripu za kupima sukari ziliisha kitambo, bando ananunua na pesa ya mayai, na bado anazunguka boma karibu mia kwa miguu, usiku jirani mjamzito akigonga anatoka na tochi. Na hiyo kamati ya kusimamia zahanati yetu uliyoitaja, nani aliichagua jamani? Sisi hatujawahi kuitwa hata baraza moja.