Mwanamke mwenye ndevu akitaka leza, tumwache au tumshauri?

Kila mwanamke akisema hadharani kwamba anaenda kupigwa leza ya kidevu, yaani mwanga wa mashine unaoua nywele, majibu yanakuja yaleyale. Mmoja anamwambia ajikubali alivyoumbwa, mwingine anamwambia hizo ni anasa za wenye hela, na wa tatu, huyu ndo mwenye hoja nzito kidogo, anamwambia leza ni ya wazungu, ngozi nyeusi inaungua. Nataka tuzipime hizo hoja kwa haki maana zipo zenye ukweli ndani yake, ila kwa mtazamo wangu anayeeleweka vibaya hapa ni huyo dada na siyo washauri wake.

Tuanze na yeye basi. Ndevu za mwanamke mara nyingi ni ishu ya homoni, hasa PCOS, ile hali ambayo hedhi inaruka miezi, chunusi haziishi, uzito unapanda bila maelezo na kidevu kinaota nywele nyeusi ngumu. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanakadiria wanawake 10 hadi 13 kati ya 100 walio kwenye umri wa kuzaa wanayo, na mpaka 70 kwa mia ya hao hawajawahi kuambiwa na daktari kwamba wanayo. Yaani anaishi na ugonjwa hajui hata jina lake, anachojua yeye ni kidevu tu. Asubuhi anaamka kabla ya wenzie, anajifungia bafuni na kibano na kioo kidogo, anang'oa, halafu anapapasa kwa ncha za vidole kutafuta kale kamoja kalikobaki, na mchana akikaa kwenye daladala upande wa jua mkono unaenda kidevuni wenyewe kuficha.

Na kung'oa kwenyewe kwa nywele zetu za kujikunja hakuishii hapo. Unywele ukiota tena unajipinda unarudi ndani ya ngozi, panavimba, panatoka kipele, pengine usaha, pakipona panabaki doa jeusi. Ukifanya hivyo miaka kadhaa kidevu chote kinakuwa cheusi hata siku ambayo hakina unywele hata mmoja, kwahiyo kile kivuli watu wanachokiona sehemu kubwa si ndevu tena, ni makovu ya kuzing'oa. Hapo ndo mtu anaingia kwenye mkorogo kufuta madoa, na mikorogo mingi ina steroidi, na steroidi ukiipaka usoni muda mrefu inachubua ngozi na inaweza kuotesha nywele zaidi. Sijui kama wanaosema ajikubali wanaujua huu mzunguko.

Sasa kuna utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2005 ambao naurudia kila nikibishana na mtu kuhusu hili. Walichukua wanawake 88 wenye PCOS na ndevu, wengine wakapigwa leza ya nguvu kamili na wengine leza dhaifu ili wapate cha kulinganisha, kwa miezi sita. Kundi la kwanza kabla ya kuanza walikuwa wanatumia dakika 112 kwa wiki kuondoa nywele usoni. Baada ya leza, dakika 21. Piga hesabu, ni dakika 91 zimerudi kila wiki, kwa mwaka inakaribia masaa 79, yaani kama siku kumi za kazi za masaa nane nane, na hapo tunaongelea muda wa kibano na wembe tu, hatujagusa muda wa kuwaza. Maana walipima na hilo pia, huzuni na wasiwasi vilishuka kwa waliopata leza kamili zaidi ya wale wengine. Dakika 112 mimi ndo zinanikera, kwasababu mtu anayeita leza anasa anadhani bila leza huyu dada hatumii kitu, wakati analipa kila siku asubuhi, analipa kwa muda, kwa ngozi yake na kwa amani yake, ila malipo hayo hayana risiti kwahiyo hakuna anayeyahesabu.

Haya, upande wa pili. Hoja ya kuungua ni ya kweli na lazima isemwe bila kuficha. Leza inafanya kazi kwa kufuata rangi nyeusi, mwanga unanyonywa na weusi wa unywele, unageuka joto, joto linaua shina. Tatizo ngozi yetu nayo ina weusi, kwahiyo mashine isiyofaa inamwaga joto juu ya ngozi kabla halijafika kwenye shina, unapata malengelenge na mabaka ya miezi. Mashine ya aleksandraiti yenye mawimbi ya nanomita 755 ni nzuri kwa ngozi nyeupe, ila kwetu ni hatari, na zile za mwanga mpana zinazoitwa IPL ambazo saluni wanaziita leza wakati si leza kabisa ni hatari pia. Inayotufaa inaitwa Nd:YAG, nanomita 1064, inapita juu ya ngozi bila kunyonywa sana na inaenda chini zaidi. Bei ya usalama huo ni kwamba hata unywele wenyewe unainyonya kidogo, kwahiyo inauma zaidi na awamu zinakuwa nyingi. Kwahiyo ukisikia fulani kaungua usiulize kwanza rangi yake, uliza alipigwa na mashine gani na aliyeishika ni nani.

Pia si kweli kwamba ukimaliza umemaliza. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inaruhusu watengenezaji waseme inapunguza nywele kwa kudumu, haiwaruhusu waseme inaziondoa zote. Nywele haziko kwenye hatua moja ya kukua, leza inakamata zile zinazokua wakati huo tu, ndo maana unarudi kila baada ya wiki nne mpaka sita, mara sita, nane au zaidi, na mwenye homoni zisizotulia atarudi tena mbele ya safari kwasababu mwili unaendelea kuotesha mpya. Na kuna wachache, hasa usoni na shingoni, hasa wenye PCOS, ambao leza inawaongezea nywele badala ya kupunguza. Kliniki isiyokwambia hili kabla ya kuchukua hela yako ondoka.

Kuna wanaoogopa kansa, na hofu hii siidharau, maana miaka ya 1920 huko Marekani kweli wanawake walinyolewa ndevu kwa eksirei, mashine iliitwa Tricho, na wengi walikuja kupata vidonda na kansa za ngozi miaka mingi baadae. Lakini mwanga wa leza hii si mionzi ya namna ile, ni joto tu.

Halafu dini. Wanaosema ni kubadili maumbile wana pa kusimama, kwa Waislamu mwanachuoni wa zamani Imam Tabari aliona mwanamke asiondoe hata ndevu zikimwota. Lakini mwanachuoni mwingine, Imam Nawawi, ambaye Pwani yetu ya madhehebu ya Shafi anasomwa sana, alisema wazi kwamba mwanamke akiota ndevu au masharubu si haramu kuziondoa bali inapendeza aziondoe. Kwahiyo anayemkemea dada kwa jina la dini ajue anachagua kauli moja na kuacha nyingine, na anachagua ile ngumu kwa mtu mwingine.

Hoja ya kujikubali ndo naiheshimu zaidi. Harnaam Kaur wa Uingereza, mwenye PCOS, alichoka kunyoa na kubandika waksi akaamua kuziacha, ndevu zikajaa na akajulikana dunia nzima. Namuunga mkono kwa moyo wote. Ila alichofanya ni kuchagua, na huku kwetu mwanamke mwenye ndevu huitwa jike dume au huambiwa ana pepo, sasa unamwambiaje akatembee nazo sokoni wakati wewe haumtetei akichekwa?

Kitu ambacho leza haiwezi ni kutibu chanzo, na hapa washauri wangekuwa na maana sana kama wangesema hili badala ya mengine. Kwanza kapime homoni na sukari, PCOS inaongeza hatari ya kisukari, na kuna dawa daktari anaweza kukupa zikazituliza homoni, japo kwenye nywele huchukua kama miezi sita kuonekana. Leza na dawa vikienda pamoja hela haipotei. Kabla ya leza acha kibano na waksi wiki kadhaa, nyoa kwa wembe, na usiogope eti wembe unanenepesha ndevu, hilo lilipimwa tangu 1928 ikaonekana si kweli. Acha mkorogo pia. Omba wakujaribu sehemu ndogo chini ya taya na usubiri uone ngozi inasemaje, na mwone daktari wa ngozi, hata wale maafisa wa ngozi wanaofundishwa hospitali ya KCMC Moshi tangu 1992, kabla ya mtu wa saluni.

Na muda una maana hapa. Leza haiuoni unywele mweupe. Dada anayeambiwa asubiri, atazoea, ataolewa kwanza, atazaa kwanza, akifika miaka hamsini kidevu kikaanza mvi, kwa nywele hizo nyeupe mashine yoyote ya leza haimsaidii tena, anabaki na sindano ya umeme inayochoma shina moja moja, unywele kwa unywele.