Barua ya kustaafu isiandikwe kitandani

Kaka yangu mkubwa, mtunza stoo wa kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam, alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 56. Wiki ya tatu, mkono wa kulia ukiwa bado hauwezi kushika kijiko, aliniomba nimwandikie barua ya kustaafu kwa hiari. Ofisa utumishi alikwisha kumwambia kwamba ni heshima zaidi mtu kuondoka mwenyewe, na kwa kuwa sheria inaruhusu kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55, hapakuwa na wa kumzuia.

Nilikataa kuiandika siku ile. Hiari gani hiyo, ya mtu anayeona aibu kuburuta mguu mbele ya vijana aliowafundisha kazi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hiyo ni takriban miezi minne, na aliyepatwa na kiharusi kwa kawaida hurudiwa na sehemu kubwa ya nguvu zake katika miezi mitatu ya mwanzo, hasa akifanyishwa mazoezi ya viungo bila kukosa. Anayesaini wiki ya tatu anauamulia mwili ambao hajajua utafika wapi.

Na haraka hiyo inaendelea kumkata kila mwezi, kwa sababu pensheni hukokotolewa kwa miezi aliyochangia na wastani wa mshahara wake. Tangu 2018 wafanyakazi tumelalamikia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, na tulikuwa na haki, lakini ni nadra kumzungumzia anayesukumwa na ugonjwa kukifikia kabla ya wakati. Hata asiyeweza kazi tena, sheria za hifadhi ya jamii zimeweka mafao ya ulemavu, yanayotolewa baada ya madaktari kumpima, na anastahili kuelezwa habari hiyo kabla hajashika kalamu.

Ninachowaomba maofisa utumishi ni kwamba, kabla ya kupokea barua ya mgonjwa, wamwekee mezani siku zake za likizo zilizobaki na makadirio ya mafao yake, akiondoka leo na akiondoka akiwa na miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Kaka alirudi stoo mwezi wa tano tangu augue. Jioni huchoka sana, na huenda asifike 60, lakini safari hii hesabu anazo mkononi.