Tuchangie nauli mwandishi apande Rubeho

Jumamosi iliyopita nimefungua gunia la mkaa hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, chini kabisa nikakuta kipande kibichi, nje cheusi ndani bado chekundu, kizito kama jiwe. Nikamuuliza kijana aliyeniletea, huu mti gani na umetoka wapi? Akasema "dada mimi nachukua kwa mtu Mpwapwa, na yeye anachukua kwa watu wa huko juu." Huko juu wapi, hajui. Nimepikia watoto wangu na huo mkaa na sijui nimechoma nini, hilo limenikaa rohoni wiki nzima.

Nikaingia kwenye simu kutafuta habari za misitu ya huku kwetu. Mgeni rasmi kafungua semina, mgeni rasmi kapanda mti, mgeni rasmi kawataka wananchi watunze mazingira. Picha zote za ukumbini, chupa za maji zimepangwa mezani. Msitu wenyewe haumo.

Nina rafiki yangu mwandishi, analipwa kwa stori. Nikampigia, mbona hamwendi Rubeho na upande mmoja wa ile milima uko Mpwapwa, mkoa wetu huu huu? Akanihesabia taratibu: basi mpaka Mpwapwa, bodaboda ya kupanda mlimani, kulala siku mbili, kula, kurudi, halafu malipo ya hiyo stori hayarudishi hata nauli ya kwenda. Semina inampa nauli na chakula cha mchana, na nyumbani kuna ada za shule. Simlaumu, na nyie naomba msimlaumu. Anayelipa nauli ndiye anayeamua stori itoke wapi, na sisi wasomaji hatujawahi kuilipa.

Na huko kuna mambo! Rubeho ni Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya kale yenye misitu, ukoo mmoja na Ukaguru, Uluguru, Udzungwa na Usambara. Mwaka 1991 kule Udzungwa watafiti waliona miguu ya ndege kwenye sufuria kambini, kumbe ni kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamjua kabisa, na ndugu yake anaishi Rubeho. Yaani ndege wa ajabu hivyo ni jirani yetu na mtoto wa Dodoma hajawahi kumsikia. Achana na ndege, chukua reli: mwisho wa 2009 kuingia 2010 mafuriko yalizoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama. Maji yanayoshuka bonde lile yanategemea sana nini kimebaki huko juu, miti au udongo mtupu.

Mtaniambia mkaa mwingi unatoka miombo, yaani mapori ya miti ya nchi kavu, na vichaka vya nyanda kavu, sio msitu wa mvua. Sawa, ni kweli, nakubali. Ila hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu msitu wa juu unaliwa sana na mashamba, moto na misumeno, kwa hiyo inawezekana kabisa gunia langu halina kosa kubwa kama maharage na viazi mviringo ninavyonunua pale Majengo kila wiki. Nani kaniambia? Hakuna. Serikali inasema ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, naunga mkono kwa moyo wote, mtungi wa gesi ninao, ingawa maharage bado nabandika kwenye mkaa kama wengi wenu. Lakini mbao ya kitanda changu je? Viazi je? Nitachaguaje na sijui kinatoka wapi?

Wafadhili wamesaidia, lazima niseme. TMF, mfuko wa kusaidia vyombo vya habari Tanzania, ilianza 2008, waandishi wakapewa ruzuku wakafika vijijini. Chama cha waandishi wa mazingira, JET, kipo tangu 1991. Lakini hela ya mradi ina tarehe ya mwisho, na msitu hauna.

Sisi hela ya kuchangia tunayo, jamani. Mwaka huu peke yake nimechangia sendofu mbili na harusi tatu, kuna kamati, kuna mhasibu, kuna daftari la ahadi, mtu asipolipa anapigiwa simu mpaka alipe. Huo ujuzi wote tunao mikononi. Watu hamsini wakitoa elfu mbili mbili ni laki moja, mwandishi anaenda na kurudi. Risiti zikae wazi kwa kila mchangiaji, na mchangiaji asiguse stori hata neno moja, hata kama itamtaja mjomba wake mwenye shamba huko mlimani.

Kile kipande nimekiweka dirishani jikoni. Rafiki yangu kakiona juzi, kakigeuza geuza, kasema wazee wa huko juu wakikishika tu watakitaja jina. Elfu kumi yangu iko tayari, na ameuliza mabasi ya Jumatatu asubuhi.