Kashata au mgongo laini? Tairi la saiklokrosi kwa njia za Dar

Alfajiri ya Jumamosi pale Feri, tukisubiri pantoni ya Kigamboni, ubishi ni ule ule. Mmoja wetu kafunga matairi ya kashata ndefu, yaani meno ya mpira, yale ya matope. Mwingine kafunga yenye mgongo laini, yaani katikati panapogusa barabara hapana meno, kashata kidogo pembeni tu. Wanachekana mpaka ng'ambo.

Wa kashata ana hoja. Saiklokrosi, mbio za baiskeli nje ya lami, imekulia kwenye matope ya Ulaya, Ubelgiji hasa: baiskeli ya usukani uliopinda kama ya mbio za lami, lakini tairi lina meno. Na masika yakishika, njia za msitu wa Pugu ni utelezi mtupu. Udongo wa vilima vile, wenye kaolini, ukilowa hunata kama ugali kwenye mwiko. Kashata ndefu zilizoachana huutema kila gurudumu linapozunguka. Fupi zilizobanana hujaa, na hapo unaendesha kipara bila kujijua.

Ila tumhesabie na kilomita zake. Ili afike kwenye huo udongo lazima apite Gongo la Mboto, lami tupu, na huko kashata zinavuma kama nyuki, zinamla miguu, na la nyuma linaisha katikati kabla ya mwaka. Wa mgongo laini anampita huku anapiga stori. Isitoshe, miezi mingi tatizo letu si tope. Ni mchanga.

Hapo kwenye mchanga naona wote wawili wanabishania kitu kisichowasaidia. Mchanga mkavu hauna pa kung'ata, meno yanauchimba tu. Kinachobeba ni upana na upepo mdogo, tairi lilale badala ya kuzama. Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, zinataka tairi la mashindano lisizidi upana wa milimita 33, na mengi yanayouzwa kwa jina la saiklokrosi yanaishia hapo hapo. Kwetu Kibada, huko Kigamboni, hakuna refa mwenye rula. Fremu ikimeza 38, na udongo ukabaki na pa kupitia, funga 38. Kuna kipande nyuma ya minazi nilikuwa nakokota baiskeli kila wiki. Siku niliyoshusha upepo kutoka psi 50 hadi 35 nikakipita nimekaa, giya nyepesi, bila kukata kona. Kurudi lami nikasahau kujaza. Shimo moja tu, rimu ikabana tyubu: matundu mawili sambamba, kama kaumwa na nyoka.

Ndiyo sababu wengine wanahamia matairi yasiyotumia tyubu. Unaweza kushusha upepo bila kuogopa pancha ya namna ile, na mbigili ikichoma, dawa iliyomo ndani inaziba wakati unaendelea kukanyaga. Lakini dawa hukauka upesi kwenye joto hili, na tairi likichomoka kwenye rimu unahitaji upepo wa kishindo kulirudisha. Fundi pancha wa barabarani ana kompresa, ila mdomo wake ni wa valvu ya gari. Valvu yetu nyembamba haiingii bila kile kiungo kidogo cha shaba. Mimi nimebaki na tyubu, na kiungo nimekifunga kwenye funguo za nyumba.

Kwa kashata nimegawa: mbele meno, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza umeanguka, nyuma mgongo laini, kwa sababu ndilo linalobeba uzito kwenye lami. Masika nabadili la nyuma. Wa kashata anasema huo ni uoga. Sawa, na kwenye matope ya Aprili kweli huwa ananisubiri juu ya kilima.

Shida nyingine iko dukani. Kariakoo niliomba tairi la saiklokrosi, muuzaji akanipa lililoandikwa 28. Nikamwambia rimu yangu ni ya saizi ya 700C. "Kaka, 28 ni 28." Nyumbani likacheza kwenye rimu kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Ubavuni kumbe limeandikwa 635, yaani kipenyo cha pale linapokalia rimu kwa milimita, na rimu yangu ni 622. Tyubu na tairi la baiskeli ya milimani ya 29 vingeingia kwenye rimu, maana 29 nayo ni 622. Lile la 635 sasa liko kwenye baiskeli ya Phoenix ya mlinzi wetu, linabeba ndoo za maji kila asubuhi.